Kabla ya Kununua Dawa ya Kumbukumbu, Uliza Maswali Matatu

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii, waganga wa tiba asili na wazee wa eneo la Shinyalu. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.

 

Naomba niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuandika matangazo na kuwaeleza wananchi mambo ya serikali yao kwa lugha wanayoielewa. Wenzangu wa idara ya afya wameketi hapa mbele, na nikiteleza watanisahihisha. Leo nimeombwa nizungumzie dawa za mitishamba zinazouzwa kwa ajili ya kumbukumbu. Nimekubali kwa sababu jambo hili limepita nyumbani kwetu.

Yaliyompata kukhu

Kukhu wangu, mama yake baba, anaishi upande wa Butere. Ana miaka zaidi ya 80. Ni mtu wa kukumbuka. Ukimuuliza ng'ombe wa mahari ya shangazi walikuwa wangapi na wa rangi gani, atakutajia mmoja mmoja. Mwaka mmoja, msimu wa palizi, alianza kubadilika. Aliweka sufuria motoni akaisahau mpaka ikaungua. Aliniita kwa jina la baba yangu. Siku nyingine alikaa kitandani mchana kutwa, na ukimuuliza jambo anajibu pole pole kama mtu aliyetolewa usingizini.

Sisi wajukuu tulisema ni uzee. Jirani mmoja alisema mengine ambayo sitayarudia hapa. Mimi, niliyesoma, nilikwenda mjini nikanunua chupa mbili. Kila chupa Sh1,800. Kwenye karatasi ya chupa walikuwa wameandika kwamba ni mchanganyiko wa mizizi na majani, unasafisha mishipa ya ubongo na kurudisha kumbukumbu kwa siku 40. Muuzaji akaniambia jambo moja zaidi: mgonjwa akianza hii, aache vidonge vya presha, kwa sababu dawa mbili hazikai kwenye tumbo moja. Nikamwamini.

Kukhu alikunywa chupa zile na vidonge vyake vya presha vikabaki kabatini. Hali ikazidi. Mwishowe mama mmoja wa kijiji, mhamasishaji wa afya ya jamii kama ninyi, alipita nyumbani kwa shughuli zake. Akampima kukhu presha, akakuta imepanda sana. Halafu akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza: "Je, huyu mama aliwahi kuanguka?"

Alikuwa ameanguka. Aliteleza usiku kwenye kizingiti cha jikoni, akagonga kichwa, akainuka, akajifunga kitambaa na asubuhi akaenda shambani. Hakuna aliyelihesabu kuwa jambo. Hospitalini alipigwa picha ya kichwa, ikaonekana damu imejikusanya pole pole kati ya fuvu na ubongo, na ilikuwa inaugandamiza ubongo. Daktari wa upasuaji akatoboa fuvu na kuitoa ile damu. Tulipovuna mahindi, kukhu alikuwa ameketi uani akitukosoa namna tunavyopukuchua.

Nimeisimulia habari hii kwa ajili ya kitu kimoja. Watu wakiniuliza nilipoteza nini, hutarajia niseme Sh3,600. Pesa si neno. Tulipoteza wiki saba. Kwa wiki saba damu ilikuwa ikiugandamiza ubongo wa kukhu, na sisi tunahesabu vijiko.

Maswali matatu

Darasani tulifundishwa kwamba mwandishi hachapishi dai kabla ya kuliuliza maswali. Nilipokuwa na ile chupa mkononi sikuuliza hata moja. Kwa hiyo leo nawaachia maswali matatu.

La kwanza: Nani anasema?
La pili: Anajuaje?
La tatu: Nikimfuata, ninaacha nini?

Swali la kwanza halikusudiwi kuwadharau waganga wetu. Nataka hili lieleweke vizuri, maana waganga wako hapa na wengine ni rika la wazazi wangu. Tiba asili ni mali yetu. Msitu wa Kakamega ulio hapa karibu ndio sehemu kubwa iliyobaki Kenya ya msitu wa mvua wa aina ile inayopatikana Kongo, na ujuzi wa miti yake umehifadhiwa na wazee wa eneo hili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asili. Kabla yake, mwaka 2016, Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi ili mtu wa nje asije akayachukua bure.

Mganga anayejulikana, mwenye boma, ambaye ukirudi na malalamiko utamkuta, ana cha kupoteza akikudanganya. Mwenye begi kwenye stendi ya matatu, anayeuza chupa moja kwa kumbukumbu, kisukari, nguvu za kiume na uchawi, kesho yuko mji mwingine. Hao wawili tusiwaweke kwenye kapu moja.

Bidhaa ya mitishamba iliyopakiwa na kuuzwa kama dawa inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mfano mzuri uko hapa kwetu. Kikundi cha wakulima na wahifadhi wa msitu cha Muliru kimekuwa kikilima mmea wa jamii ya kivumbasi, ambao wataalamu huuita Ocimum kilimandscharicum, kikishirikiana na watafiti wa icipe. Mafuta yake hutengenezewa dawa ya kuchua inayoitwa Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sasa angalieni kinachodaiwa: mafua, kifua kubana, maumivu ya misuli. Hakuna aliyeandika kwamba inarudisha kumbukumbu. Dawa ya kweli hujulikana pia kwa mambo ambayo haidai.

Anajuaje?

Swali la pili ndilo lenye kazi. Wapo watakaosema: hizi dawa za hospitali si zimetoka kwenye miti pia? Ni kweli, na nitawapa mifano miwili inayohusu kumbukumbu yenyewe.

Huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, kuna mbegu kubwa kama haragwe, yenye sumu kali. Zamani mtu akishukiwa uchawi alilazimishwa kuimeza. Akitapika akapona, hana hatia. Akifa, walisema ndiye. Wanasayansi waliichunguza mbegu ile, na mwaka 1864 walipata ndani yake kemikali inayoitwa fizostigmini. Miaka mingi baadaye, kwa kufuata umbo la kemikali hiyo, ilitengenezwa dawa ya rivastigmini, ambayo leo madaktari huwapa wagonjwa wa Alzheimer.

Mfano wa pili ni ua dogo jeupe la huko Ulaya Mashariki na milima ya Kaukasi. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Urusi na Bulgaria walipata ndani ya mimea ya jamii hiyo kemikali ya galantamini. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa wa Alzheimer mwaka 2001.

Zote mbili hufanya kazi kwa njia moja. Ndani ya ubongo kuna kemikali inayobeba ujumbe kutoka seli hadi seli, inaitwa asetilikolini. Kwa mgonjwa wa Alzheimer hupungua. Dawa hizi huizuia isivunjwe haraka, na mgonjwa hupata nafuu kwa muda. Haziponyi. Hata zile zilizopimwa miaka na miaka, zenye kipimo cha miligramu, daktari mwaminifu atakwambia zinapunguza dalili tu. Sasa chupa ya Sh1,800 inayoahidi kuponya kwa siku 40 imejuaje?

Kujua kuna gharama yake. Pengine mmesikia habari za ginko, mti wa China ambao majani yake huuzwa duniani kote kama dawa ya kumbukumbu. Huko Marekani watafiti walichukua watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi. Nusu walipewa kidonge cha ginko mara mbili kwa siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliopata ugonjwa wa usahaulifu katika kundi la ginko walikuwa 277. Katika kundi lisilopewa dawa walikuwa 246. Ginko haikuwakinga. Huko Ufaransa walifanya jaribio kama hilo kwa wazee zaidi ya 2,800, matokeo yakatoka mwaka 2012, na jibu likawa lile lile.

Sikilizeni jambo lililofichika katika hesabu hiyo. Katika kila kundi, watu zaidi ya 1,000 hawakupata ugonjwa. Kila mmoja wa wale waliomeza ginko angeweza kusimama hapa na kutoa ushuhuda: "Nilitumia miaka sita na akili yangu iko sawa." Asingekuwa mwongo. Lakini hata wale ambao hawakumeza chochote walikuwa sawa. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mchungaji, hata akiwa shangazi yako, hautoshi kujibu swali la pili.

Kuna mimea mingine, kama ule wa India uitwao brami, ambao katika majaribio madogo ya watu wenye afya ulionyesha kusaidia kidogo baada ya miezi mitatu hivi. Hilo ni jambo la kuendelea kuchunguzwa. Lakini mtu mwenye afya kukumbuka orodha ya maneno vizuri kidogo, na mgonjwa kumtambua tena mwanawe, ni mambo mawili yaliyo mbali.

Najua mnangoja niseme kuhusu mukombero. Hapa Kakamega huwezi kutoroka mukombero. Mzizi wake una harufu tamu, wazee wameutafuna tangu zamani kwa hamu ya chakula na kuchangamsha mwili, na vijana wanauuza kando ya barabara wakipata karo. Sina ugomvi nao. Lakini karibu na mitihani ya KCSE nimesikia ukiuzwa kwa wanafunzi kama mzizi wa kufungua akili. Kuchangamka na kukumbuka si kitu kimoja. Mtahiniwa anayetafuna mukombero mpaka saa tisa usiku anapoteza usingizi, na ni usingizini ambapo ubongo hupanga na kuhifadhi yale uliyosoma mchana. Mzazi, mwambie mtoto alale. Na tukumbuke kwamba ukiung'oa mzizi wa mukombero msituni, mmea wenyewe umekwisha. Anayeuhitaji aupande shambani.

Mimea hufanya kazi pande zote mbili. Kando ya barabara zetu na kwenye majalala huota mnanaha, ule wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda yenye miiba. Ndani yake mna kemikali zinazoizuia ile asetilikolini isifanye kazi. Mtu akila mbegu zake huweweseka, huona yasiyokuwepo, na akizinduka huenda asikumbuke lolote. Anaweza hata kufa. Na hata dukani, baadhi ya vidonge vya zamani vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi huwafanya wazee wachanganyikiwe kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo neno "asilia" kwenye chupa halimaanishi "salama." Mnanaha nao ni asilia.

Ninaacha nini?

Swali la tatu ndilo lililotugharimu wiki saba, na ndilo ninaloomba mwende nalo nyumbani.

Usahaulifu si ugonjwa mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, yaani hali ya ubongo kudhoofika mpaka mtu anashindwa na shughuli zake za kila siku. Zaidi ya asilimia 60 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Alzheimer ndiyo aina ya kawaida zaidi, asilimia 60 hadi 70. Hiyo bado haina tiba ya kuiponya.

Lakini si kila anayesahau ana Alzheimer. Wapo wanaosahau kwa sababu ya tezi ya shingoni iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, sukari iliyoshuka au kupanda, maambukizi ya mkojo au ya kifua, malaria, virusi vya ukimwi visivyotibiwa, kaswende ya muda mrefu, huzuni nzito baada ya msiba, pombe, dawa walizoandikiwa, au damu iliyovuja baada ya kuanguka kama kukhu. Mengi kati ya haya yanatibika. Na mengi, usipoyawahi, yanaacha kilema au yanaua. Chupa huenda isiwe na sumu hata kidogo. Madhara yake makubwa ni siku unazongoja huku ukidhani unatibu.

Basi tofautisheni. Mzee akisahau alikoweka miwani, kisha akakumbuka, huo ni umri. Akisahau jina la mtu kanisani likamjia jioni, huo ni umri. Lakini akipotea kwenye njia aliyoipita miaka 40, akirudia swali lile lile mara tano kwa saa moja, akishindwa kuhesabu pesa za soko alizozizoea, au tabia yake ikigeuka, mpelekeni kituo cha afya. Na hali ikibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, au baada ya kuanguka, au pamoja na homa, uso kupinda, au mkono kulegea, msingoje hata kesho.

Mkifika, semeni ukweli wote. Semeni alianguka lini. Bebeni vidonge vyote anavyotumia, na ile chupa ya mitishamba muibebe pia. Msiifiche kwa kuogopa kukemewa. Ginko, kwa mfano, inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na daktari asipojua hawezi kukulinda. Na wenzangu wa hospitali, naomba tusimkemee anayesema ukweli. Tukimkemea leo, mara nyingine ataificha chupa.

Kwa waganga wetu nina ombi moja. Mgonjwa akija kwako na usahaulifu, mtume kwanza akapimwe, ndipo mzungumze mambo mengine. Na kamwe usimwambie aache vidonge vya presha, vya kisukari au vya ARV. Hilo halikupunguzii heshima. Mganga aliyeokoa mzee kwa kumtuma hospitali mapema atatajwa kijijini kuliko aliyeuza chupa 100.

Kwa wahamasishaji wa afya ya jamii: tangu Septemba 2023, serikali ilipowakabidhi wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchini mikoba ya kazi, mna mashine ya presha na kipimo cha sukari begani. Ongezeni swali moja mnapoingia kwenye boma lenye mzee: "Mzee anakumbukaje siku hizi? Ameanguka karibuni?" Swali hilo halina gharama. Mimi nina kukhu kwa sababu mtu aliliuliza.

Kinga iliyopo

Msije mkaondoka mkidhani nimewanyang'anya dawa nisiwape kitu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa kimataifa chini ya jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia, likasema kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Nitayasema kwa lugha ya hapa kwetu.

Tibu presha, sukari na mafuta mengi mwilini, na usiache vidonge kwa sababu unajisikia vizuri. Vaa helmeti kwenye boda boda, dereva na abiria, kwa sababu kugongwa kichwa ni miongoni mwa hayo 14. Punguza moshi jikoni na acha sigara. Punguza pombe. Tembea, lima, usikae tu, na uzito usizidi. Mzee asiyesikia au asiyeona vizuri asaidiwe apate kifaa cha masikio, miwani, au upasuaji wa mtoto wa jicho, maana ubongo usiopokea habari hudhoofika. Huzuni itibiwe. Mtoto asome shule, kwa maana elimu ya utotoni hulinda ubongo wa uzeeni. Na mzee asiachwe peke yake. Mleteni uani, mpeni maharagwe achambue, muulizeni habari za zamani.

Kwa wale ambao tayari wana ugonjwa usioponyeka, kazi yetu ni kuwatunza. Bado wanaogopa, bado wanaona aibu, bado wanafurahi wakishikwa mkono.

Nilisema jirani alitamka maneno ambayo sitayarudia. Wengi wenu mmeyajua. Mzee anayetembea usiku akizungumza peke yake, anayeingia boma lisilo lake, katika nchi hii amewahi kuitwa mchawi, na wako waliouawa kwa hilo. Nawarudisha kwenye ile mbegu ya Calabar. Zamani walimlisha mtuhumiwa wa uchawi mbegu ile ili afe. Leo dawa iliyotokana nayo hupewa mzee aliyesahau ili apate nafuu. Mbegu haikubadilika. Watu ndio waliojifunza kuuliza kabla ya kuhukumu.

Nasi tuulize. Nani anasema? Anajuaje? Nikimfuata, ninaacha nini? Ningeuliza la tatu pale mjini, nikiwa na chupa mkononi, ningemkuta kukhu hospitalini wiki saba mapema.

Amenituma niwasalimu. Na amesema tusisahau kumrudishia sufuria yake.